Maisha ya Kanoni Apolo Kivebulaya, Mwalimu wa Mboga

Katika kurasa zilizotangulia za kitabu hiki cha Jubilii mmesoma, ndugu wasomaji, habari za maaskofu na mapadre walioijenga dayosisi yetu. Sisi tumepewa sehemu ndogo, nayo ni kuandika maisha ya mtu mmoja wa zamani aliyeishi kwa imani na kwa tumaini lenye ushujaa. Tumemchagua Apolo Kivebulaya, Mganda, ambaye hakuzaliwa pwani wala hakufia pwani. Huenda wengine wakanung'unika, wakiuliza kama Dar es Salaam imepungukiwa na watu wa kusimuliwa. Haikupungukiwa. Lakini kitabu hiki kitasomwa zaidi na walimu wa makanisa madogo ya Temeke na Kinondoni, naye Apolo alikuwa mwalimu kabla ya kuwa padre, na hata alipokwisha kupata daraja ya upadre aliendelea na kazi ya mwalimu mpaka kufa kwake.

Tena liko jambo jingine lituungalo naye, ambalo si wengi walijuao. Injili ilipofika Buganda mara ya kwanza haikusomwa kwa Kiganda. Alexander Mackay, fundi wa Kiskoti aliyetumwa na chama cha C.M.S., alitengeneza kwanza barabara toka Saadani mpaka Mpwapwa, kisha akafika kwa Kabaka Mutesa mwaka wa 1878. Huko aliwasomesha wasomaji wa kwanza kwa Kiswahili, kwa maana ndiyo lugha iliyokuwa na Injili zilizopigwa chapa, kazi ya Askofu Edward Steere wa Unguja. Vitabu vilivyotoka visiwani vilipita njia ile ile ya wapagazi na biashara, vikafika ziwani, na watu wa Buganda wakavisoma kabla hawajapata vya lugha yao. Biblia nzima kwa Kiganda ilipatikana mwaka wa 1896 tu. Basi tukimsimulia Apolo hatumsimulii mgeni kabisa.

Alizaliwa Buganda mnamo mwaka wa 1864. Alikuwa pacha, kwa hiyo aliitwa Waswa, ndilo jina apewalo pacha atanguliaye kuzaliwa kwa desturi ya Waganda. Habari za ujana wake si za kujisifia, wala yeye mwenyewe hakuzificha alipokuwa mzee. Alikaa na waganga, alivuta bangi, akawa askari katika vita vya dini vilivyoipasua Buganda toka mwaka wa 1888. Kwa muda alikuwa upande wa Waislamu, na mafundisho yao aliyapata kidogo; Mackay naye alimsikia akifundisha. Kisha akajiunga na wasomaji wa Kiprotestanti. Mwaka wa 1891 alifuatana na jeshi la Kapteni Lugard lililokwenda magharibi mpaka Toro na kumrudisha Kasagama katika enzi yake. Hivyo mara ya kwanza Apolo alipoiona milima ya Ruwenzori aliiona akiwa mtu wa vita.

Mwisho wa mwaka wa 1893 kanisa la Mengo liliamshwa. Mmisionari mmoja, George Pilkington, alikuwa amekwenda kisiwa cha Kome hali amechoka na kazi yake, akarudi na moyo mpya, na watu wakaanza kukutana kila siku kusali na kuungama. Baada ya hayo walimu wengi walijitoa kwenda nchi za mbali, nao walikuwa Waafrika. Twalitaja hili kwa kusudi, kwa kuwa wako wadhanio kwamba Injili ilienezwa katika nchi hizi na Wazungu peke yao. Wazungu walikuwa wachache. Aghalabu aliyefika kijijini na kulala huko na kula cha huko alikuwa Mwafrika. Waswa alikuwa mmoja wa wimbi lile. Alibatizwa mwezi wa Januari mwaka wa 1895, akapewa jina la Apolo, na mwaka ule ule akatumwa Toro kufundisha. Jina la Kivebulaya watu walimpachika tu, maana yake kitu kitokacho Ulaya, kwa sababu ya vazi la Kizungu alilopenda kulivaa. Hakulikataa, na limebaki mpaka leo.

Ng'ambo ya Toro, ukiisha kuyapita mabega ya Ruwenzori na kushuka bondeni, uko mto Semliki. Ukiuvuka na kupanda tena, wafika nchi ya majani iitwayo Mboga, na nyuma yake umeanza msitu mkubwa wa Ituri. Mtawala wa Mboga aliitwa Tabaro. Walimu wawili Waganda walikuwa wamekwisha kufika huko kabla ya Apolo, nao walishindwa. Hawakushindwa kwa mabishano wala kwa upanga. Tabaro aliwakataza watu wasiwape chakula, na mtu asiye na shamba katika nchi ngeni hawezi kukaa siku nyingi. Wakarudi Toro.

Haifai kuwacheka. Mwalimu wa leo wa pembezoni mwa mji wetu ajua jambo hili kwa namna yake. Huanza darasa barazani pa nyumba ya kupanga, au chini ya mwembe, na watu sita. Jumapili ya pili waja wawili, kwa kuwa wengine wamehama kufuata chumba cha bei nafuu mbele zaidi, kule ambako jana palikuwa na mikorosho. Hana nauli ya kuwafuata. Hakuna amchukiaye, hakuna amjuaye tu. Twafikiri njaa ya walimu wale wawili na upweke huu ni ndugu, na mtu aliyeondoka kwa ajili yake tusimhesabu kuwa mwoga.

Apolo aliitwa aende mahali walipotoka wale, akakubali. Alifika Mboga mwaka wa 1896. Chakula alikipata kwa kulima kwa mikono yake na kwa kuwafanyia watu kazi. Na kwa kuwa alilima pamoja nao, wakazoea kumwona. Alifundisha kusoma, kwa maana katika kanisa la Uganda siku zile mtu hakubatizwa kabla hajaweza kusoma, hata Wakristo wenyewe wakaitwa wasomaji. Alisema waziwazi juu ya ulevi, na juu ya hirizi, na juu ya kuoa wake wengi. Hapo ndipo Tabaro alipozidi kumchukia. Alipigwa, akasumbuliwa. Lakini wachache walisoma, na hao wachache wakataka nyumba ya kusalia.

Yatupasa kuwa wa haki kwa Tabaro pia. Waganda waliofika Toro na jirani zake katika miaka ile hawakuja wote na vitabu. Wengi walikuja na bunduki pamoja na askari Wasudani, wakateka ng'ombe na watu. Mtawala mdogo aliyemwona Mganda mwenye vazi la Kizungu akiingia nchini mwake na kukusanya vijana alikuwa na sababu ya kushuku. Makosa ya watu wa kabila lake yalimtangulia Apolo njiani, naye ilimpasa kukaa mpaka watu waone tofauti. Jambo hilo halimalizwi kwa hotuba moja.

Mwaka wa 1898 msiba ulitokea. Watu walikuwa wakifanya kazi ya ujenzi, wakileta nyasi na matete, na mwanamke mmoja wa jamaa ya Tabaro alijikwaa, akaangukia mkuki uliokuwa umeachwa majanini, akafa. Haikuwa shauri la mtu. Lakini Tabaro alipata neno alilokuwa akilitafuta. Alimshtaki Apolo kwamba amemwua, akamfunga, akampeleka Toro kwenye boma la Waingereza.

Fikirini hali yake. Hakuwa na ndugu Mboga wa kusimama kwa ajili yake. Mshitaki wake alikuwa mtawala, na mwamuzi alikuwa mgeni asiyeijua vema lugha ya shahidi hata mmoja. Walio na haki ya kulia walikuwa wanalia kweli kweli, kwa maana maiti ilikuwako. Hapo hata mtu asiye na hatia huona haya, na huanza kujiuliza kama si yeye aliyeleta msiba kwa kuja kwake. Apolo alipelekwa amefungwa minyororo katika njia ile ile aliyoijia, akavuka Semliki tena, akatiwa gerezani.

Alisimulia baadaye kwamba katika siku hizo za dhiki alimwona Yesu Kristo, aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yu pamoja naye. Habari hii imesimuliwa mara nyingi makanisani, na mara nyingine imesimuliwa vibaya. Wako waisimuliao kana kwamba baada ya maono yale minyororo ilikatika na adui wakaanguka. Haikuwa hivyo. Aliendelea kuwa mfungwa mpaka shauri lake lilipokwisha kwa njia ya kawaida, akaachiliwa. Mjini kwetu matangazo hubandikwa nguzoni yakiahidi muujiza siku fulani saa fulani, na watu wetu, walio maskini na wenye wagonjwa, huenda na nauli yao ya mwisho. Hatutaki kumhukumu mtu. Lakini Apolo hakuahidiwa kufunguliwa. Aliambiwa tu kwamba hayuko peke yake, na hilo alilipokea kana kwamba latosha.

Alipotoka gerezani angaliweza kukaa Toro. Kanisa la Toro lilikuwa limeshamiri. Kasagama mwenyewe alikuwa amebatizwa mwaka wa 1896 na kuitwa Daudi, na walimu walihitajiwa kila mahali. Hakuna ambaye angalimlaumu mtu aliyetoka katika minyororo kama angaliomba mtaa mwingine. Apolo aliomba kurudi Mboga.

Sisi twaona kwamba hapo ndipo maisha yake yote yalipoamuliwa, kuliko siku ya ubatizo wake au ya upadre wake. Kwenda Mboga mara ya kwanza kulikuwa ushujaa wa mtu asiyejua. Askari huweza kuufanya, naye alikuwa askari. Kurudi kulikuwa jambo jingine, maana sasa alikijua kiboko, aliijua njaa, alimjua Tabaro, na aliwajua wenye msiba ambao macho yao angekutana nayo kisimani. Alirudi akijua vema kwamba yaweza kutokea tena. Tukiulizwa maana ya tumaini katika maisha ya Mkristo, hatuna mfano ulio wazi kuliko safari ile ya pili, ya mtu mmoja ashukaye bondeni kwa miguu bila silaha na bila barua ya kumlinda, akiwaendea waliomfunga.

Tabaro alimwona amerudi. Kilichopita moyoni mwake hakikuandikwa, nasi hatutakitunga. Lijulikanalo ni kwamba mtu yule aliyewanyima walimu chakula aliomba kufundishwa, akaketi akasoma pamoja na watu wake, akabatizwa kwa jina la Paulo. Toka hapo kanisa la Mboga halikusimama tena kwa nguvu za mgeni mmoja.

Miaka iliyofuata tutaipita upesi. Apolo alifanywa shemasi na Askofu Alfred Tucker mwezi wa Desemba mwaka wa 1900, akapewa upadre mwaka wa 1903, akahudumu muda mrefu katika Toro. Mkewe alikuwa amekufa, naye hakuoa tena. Nyumba yake ilijaa watoto wa watu, na alichokipata kilitoka mkononi upesi. Wenziwe walimwona kuwa mtu wa furaha, mwenye kupenda bustani na mimea. Twalisema hili kwa kuwa picha za watu watakatifu huwafanya wote kuwa na nyuso za huzuni.

Katika miaka hiyo Mboga ilibadilishwa mikono bila watu wake kuulizwa. Mwaka wa 1910 mataifa ya Ulaya yalipatana juu ya mipaka ya sehemu zile, na Mboga, iliyokuwa imehesabiwa pamoja na Uganda, ikawa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Kanisa dogo lililolelewa Toro likajikuta chini ya serikali nyingine yenye lugha nyingine, na mto Semliki ukawa mpaka wa dola. Wengi walidhani litakufa. Katika miaka ya Vita Kuu ya kwanza Apolo alirudi huko akae, naye wakati huo alikuwa mtu wa miaka hamsini iliyopita. Toka hapo hakutoka tena Mboga ila kwa safari za kazi na ugonjwa.

Kutoka Mboga aliutazama msitu. Humo waliishi Wambuti, ambao watu wa pwani waliwaita Wambilikimo. Watu wa mawindo na asali, ambao majirani wenye mashamba waliwadharau na kuwatumia. Tangu mwaka wa 1921 aliwafuata katika kambi zao. Mtu aliyezoea kujenga kanisa na kupiga ngoma ili watu waje ilimbidi kujifunza kuwaendea watu ambao leo wako hapa na mwezi ujao hawako. Alishughulika na kuifasiri Injili ya Marko katika usemi wao. Kabla hajafa aliwaona wachache wao wakibatizwa. Wachache, baada ya zaidi ya miaka kumi. Kama angalikuwa mtu wa kupima kazi kwa hesabu, angaliacha mapema. Na sisi tuandikao ripoti za mitaa yetu kila mwaka, penye nafasi ya kujaza idadi, tulikumbuke jambo hilo tunapoona haya kuandika tarakimu ndogo.

Mwaka wa 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Heshima ile ilimpata akiwa karibu na umri wa miaka sitini, naye aliipokea, akarudi msituni. Daftari zake aliziandika kwa Kiganda, na Mmisionari A. B. Lloyd, aliyefanya kazi Toro, alitunga vitabu vilivyofikisha habari zake Uingereza. Alikufa Mboga tarehe 30 Mei mwaka wa 1933. Kanisa la Uingereza limeiweka siku hiyo katika kalenda yake kuwa siku ya kumkumbuka, na Waanglikana wengi wa Afrika huiadhimisha.

Kanisa alilolianza na watu wachache wenye vitabu vya kusoma lilikua. Mwaka wa 1972 dayosisi ilifanywa huko, makao yake yakiwa Mboga yenyewe, ambayo sasa huandikwa Boga. Na mwaka wa 1992 Kongo ikawa jimbo kamili la Kanisa la Anglikana. Asili ya Waanglikana wa nchi ile kubwa ni mtaa ule ambao walimu wawili waliukimbia kwa njaa.

Lakini hatuwezi kuandika kana kwamba huko sasa ni amani. Ituri imepigwa na vita kwa miaka mingi, na watu wameuawa na kuhamishwa mara nyingi. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei mwaka wa 2021, siku ya kumkumbuka Apolo ilipokuwa imekwisha tu, watu wenye silaha waliishambulia Boga na mahali pa jirani paitwapo Tchabi. Watu zaidi ya 50 waliuawa, na wengine wengi wakakimbia na watoto wao. Baadhi ya Wakongo waliokimbia vita vya nchi yao katika miaka hii wamefika hata mijini kwetu, nao huketi katika viti vya nyuma vya makanisa yetu. Wakiimba, wasikilizeni, wengine wao walifundishwa imani na watoto wa wanafunzi wa Apolo.

Tumelipita kaburi lake bila kulieleza, nasi hatutaki kuliacha. Katika siku zake za mwisho Apolo alitoa agizo juu ya maziko. Ilikuwa desturi kumlaza maiti kichwa kikielekea upande wa mashariki, ulikokuwa kwao na kulikotoka Injili iliyomfikia. Yeye alitaka alazwe kinyume cha hayo, kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambao hakuwahi kuumaliza kuupita. Wakamfanyia hivyo.